Kompyuta Nyembamba ya Mama Mashine

Kila siku baada ya shule, Chiriku alipitia kwanza kazini kwa mama yake kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo la Chiriku alipewa na bibi yake kwa sababu ya domo lake. Hata usingizini alikuwa akiongea. Mama yake naye alikuwa na jina lake. Watu wenye shughuli zao katika ofisi za serikali walimwita Mama Mashine, kwani aliianza kazi ya kuchapa tangu zama za taipureta. Hata alipohamia kwenye kompyuta, vidole vyake viliendelea kugonga vitufe kwa nguvu zile zile.

Meza yake ilikuwa kwenye baraza la ofisi hizo, karibu na ngazi. Hapo aliwachapia watu maombi, malalamiko na mikataba midogo midogo. Wengi walikuja mikono mitupu, wakasimulia shida zao, naye akachapa huku wakisimulia. Hakutazama vitufe hata kidogo. Alimtazama mtu usoni.

"Mtu anayeeleza shida yake akiona umeinamia chombo, ananyamaza," alizoea kumwambia Chiriku. "Vidole vina akili yao. Macho ni ya mteja."

Siku moja kompyuta yake kuukuu, nene kama tofali, ilizimika katikati ya barua na haikuwaka tena. Fundi aliifungua, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa. "Hii tuizike tu, Mama Mashine," alisema.

Mama alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Jioni alitoa akiba yote aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kuezeka upya chumba cha nyuma, ambacho paa lake lilivuja. Ilitosha kununua kompyuta mpakato moja ndogo, ya bei nafuu. Wakikosea kuchagua, hakukuwa na fedha za kununua nyingine.

"Wewe ndiye msomi wa kompyuta hapa nyumbani," alimwambia Chiriku. "Kamuulize mwalimu wako ninunue ipi. Mtakavyosema nyinyi ndivyo nitakavyofanya."

Chiriku alivimba kichwa. Kesho yake alimfuata mwalimu wa kompyuta, akamweleza kazi ya mama yake. Mwalimu alifikiri kidogo.

"Anachapa kutwa, na kwa nguvu," alisema. "Basi atafute iliyotumika, nene kidogo, yenye vitufe vinavyozama akivibonyeza. Aulize betri inakaa muda gani umeme ukikatika. Hizi nyembamba zinazong'aa ni za kutazamia picha. Na muhimu kuliko yote, mwambie aketi pale pale dukani, achape ukurasa mzima kwa vidole vyake mwenyewe kabla ya kutoa fedha. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Na kweli alielewa. Shida haikuwa kuelewa.

Jumamosi walikwenda dukani. Lilikuwa duka la vioo, lenye baridi ya mashine na sakafu inayoteleza kwa usafi. Mama alivaa viatu vyake vya kutokea. Muuzaji aliwaonyesha kompyuta mbili zilizolingana na uwezo wao: moja nene, rangi ya kijivu iliyochujuka, imeshatumika, nyingine mpya, nyembamba, inang'aa kama sahani. Mama aliketi mbele ya ile nene bila kuambiwa na mtu, akamkazia macho muuzaji, akaanza kuchapa. Duka zima likasikia.

Wakati huo huo waliingia wasichana wawili wa darasa la Chiriku. Walisimama mlangoni, wakatazama, wakashika midomo.

"Mwone yule mama," mmoja alinong'ona, kunong'ona kwa kutaka kusikika. "Anachapa au anatwanga?"

"Labda kompyuta imemkosea," mwenzake alijibu, wakaangua kicheko.

Uso wa Chiriku ukawaka moto. Alitamani sakafu ipasuke immeze. Mama hakusikia neno, maana alikuwa na kazi yake. Alisimamisha vidole, akaivuta ile nyembamba.

"Hebu nijaribu na hii," alisema kwa sauti yake ya barazani.

Chiriku akamshika mkono. "Mama, hakuna haja. Mwalimu amesema nyembamba ndiyo nzuri. Hizi nene zimepitwa na wakati. Tena huku madukani hawapendi watu wakichapachapa."

Mama alimtazama, kisha akaitazama mikono yake, akaiondoa mezani taratibu. "Kama mwalimu amesema, basi," alijibu.

"Mkishatoka nayo hatuipokei tena," muuzaji aliwaonya. Mama akatoa fedha. Walipopita mlangoni, wale wasichana walikuwa wameshasahau kucheka na wanashindania kujaribu simu.

Jumatatu mambo yalianza kwenda mrama. Vitufe vya kompyuta mpya vilikuwa bapa, vimebanana, havizami. Vidole vya Mama Mashine vilivitafuta visivipate. Maneno yalitoka yamekatwa vichwa na mikia, naye akalazimika kufanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: kuinamisha kichwa na kutazama anachochapa. Umeme ulipokatika kabla ya adhuhuri, betri nayo ikaaga.

Chiriku alikuwepo mchana mmoja mzee mstaafu alipokuja kulalamikia kiwanja chake. Mzee alianza vizuri, akafika pale mwanawe mwenyewe alipoung'oa uzio, sauti ikamkwama. Alinyanyua macho kumtafuta Mama Mashine, akauona utosi wake.

"Mwanangu, unanisikiliza au umepoteza kitu?" aliuliza.

"Nakusikiliza, mzee wangu. Endelea tu."

Mzee hakuendelea. Alisema ameshukuru, akanyanyuka, akahamia meza ya pili, kwa bibi mmoja mnene, mchapaji mwenzake mama na jirani yake kazini. Wengine walimfuata siku zilizofuata. Jirani yule hakuwaita. Aliona hata vibaya kuwapokea.

Kilichomuuma Chiriku zaidi hakikuwa hicho. Kilikuwa maneno ya mama yake mwenyewe. Kila alasiri alifunga meza mapema, akaketi sebuleni na kile chombo chembamba, akijifundisha upya kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mashine ni nzuri, mwalimu hakukosea," alisema huku akivikunjakunja vidole. "Mimi ndiye niliyekwisha. Vidole vimezeeka, mwanangu."

Chiriku, msichana ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alikaa kimya. Alijiambia atasema kesho. Kesho ikawa na kesho yake. Mvua ilinyesha ikavuja chumba cha nyuma, wakakinga ndoo, na bado hakusema.

Ikafika siku ya wazazi shuleni. Mama alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa kompyuta, akampa mkono kwa heshima zote.

"Mwalimu, nimekuja kukushukuru kwa kunichagulia ile nyembamba," alisema. "Kazi yangu imelegea, lakini kosa si lako. Ni hivi vidole vyangu tu."

Mwalimu alikunja uso. "Nyembamba? Mama, mimi nilisema nene. Nilisema uketi dukani uchape kwanza." Akamgeukia Chiriku. "Hukumwambia?"

Chiriku alitazama chini. Wazazi waliokuwa karibu wakageuka kutazama, na wanafunzi pia, wakiwemo wale wawili wa dukani. Alisubiri kofi, au ukelele. Alistahili, na alijua.

 Mama alimwangalia mwanawe, akaona ni akina nani wanaomtazama. Kisha akatabasamu kwa mwalimu.

"Aliniambia," alisema. "Nadhani mimi ndiye niliyesikia vibaya. Unajua sisi watu wazima, mwalimu."

 Walipofika nyumbani, Chiriku alipiga magoti sebuleni, machozi yakimchuruzika.

"Nisamehe, mama. Wenzangu walikuwa wanakucheka ulivyokuwa unachapa. Niliona haya. Nilitaka tutoke tu."

"Haya kwa ajili yangu," mama alisema. Hakuuliza. Alilisema kama mtu anayeonja kitu kichungu ili akijue.

"Ndiyo, mama."

"Inuka. Nimekusamehe."

Siku ya pili mama hakwenda barazani. Mwalimu alikuwa amemwelekeza kwa fundi mmoja anayebadilishana kompyuta zilizotumika. Chiriku alishavaa viatu, akasimama mlangoni.

"Nikusindikize, mama?"

"Hapana. Nakwenda na jirani yangu wa meza ya pili. Nitakaa kuchapa muda mrefu kule. Nataka mtu asiyeona taabu kukaa kando yangu."

Wakaondoka wawili. Mama alikula hasara kubwa katika kubadilishana, lakini alirudi na kompyuta ndogo, nene, yenye mikwaruzo, yenye betri inayovumilia na vitufe vinavyozama. Wiki ile ile aliketi wima tena, macho kwa mteja. Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja. Mzee wa kiwanja hakurudi. Muda wa kuwasilisha malalamiko yake ulikuwa umepita huku akihama meza hii hadi ile bila kumaliza kusimulia.

Alasiri moja Chiriku alimkuta mama peke yake barazani, akipanga karatasi.

"Mama, bado umenikasirikia?"

Mama aliweka karatasi chini, akamvutia kiti.

"Hasira zimekwisha. Sikiliza nikwambie. Anayenunua kitu cha kazi asikinunue kwa macho ya watu. Akinunue kwa kazi yake na mfuko wake, akijaribu mwenyewe hata wakimcheka. Hilo ni somo la kompyuta, na hasara yake nitailipa kwa kuchapa." Akamshika bega. "La pili ni zito. Uongo wako ulikuwa wa dakika moja. Baada yake uliniona kila siku nikivilaumu vidole vyangu, ukaniacha. Kosa likishatoka mdomoni, lirudishe siku hiyo hiyo. Ukichelewa, mwenzako ndiye anayelibeba."

"Sitarudia, mama. Niamini."

Mama alimtazama usoni, kama alivyowatazama wateja wake wote.

"Kompyuta nilipaswa kuijaribu kabla ya kuiamini," alisema. "Wewe sikuwahi kukujaribu, mwanangu. Nilikuamini tu tangu ulipozaliwa. Sasa itabidi tuanze kujaribiana, na hilo ndilo linaloniuma."