Udongo Ulipokauka Kwanza

Tabibu-chuma alimzunguka Ambakisye mara tatu, mikono yake minane ikimpapasa ngozi, kisha akatangaza kwa sauti tamu: "Mgonjwa hana ugonjwa. Hongera."

Ambakisye alikuwa amebaki mbavu na tabasamu. Homa yake ungeweza kuibandikia chai ikachemka.

"Siumwi popote, mke wangu," alisema. "Labda njaa tu."

Na kweli hakuumwa. Katika Mbeya ya miaka hiyo, mji wa watu milioni tisa, karibu kila mtu alikuwa na kinyamazishi, punje ndogo kama ulezi iliyopandikizwa nyuma ya sikio. Punje ilipokea maumivu, ikamwarifu tabibu-chuma yalipo, kisha ikayazima. Aliyeibuni ni mhandisi Tusajigwe, huyo huyo mke wa Ambakisye. Na ni yeye, kwa kuwahurumia wenye migongo mibovu, aliyeiagiza kwamba maumivu yakizidi siku tisa yahesabiwe kelele tu, yafutwe hata kwenye taarifa.

Ambakisye alikuwa katika siku ya kumi na mbili.

Tusajigwe aliona wazi kwamba mumewe anakufa kwa agizo lake. Moyo wake ukatulia kama maji ya mtungini.

"Mkamwana!" sauti iliita nyuma ya ukuta. Ni baba mkwe wake, Mzee Mwakalobo, mganga mstaafu wa ng'ombe, aliyeikataa punje katakata. Kwa desturi ya Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawatazamani, basi miaka kumi na sita wawili hao walizungumza kupitia ukuta. "Hiyo sufuria yenu imesemaje?"

"Inasema mzima, Baba."

"Mzima! Hata ng'ombe niliowazika, ungewauliza, wangesema wazima. Hilo ni jipu la ndani. Wayunani wa kale waliliita empiema, usaha umejaa kifuani. Mpake udongo mbichi wa kufinyangia, kifua kizima. Utakapokauka kwanza ndipo penye moto. Hapo ndipo pa kukata."

Tusajigwe akampaka.

"Mnanifinyanga niwe chungu?" Ambakisye alicheka kwa shida.

Kifua kizima kiling'aa maji, isipokuwa chini ya kwapa la kulia. Hapo udongo uligeuka mweupe, ukapasuka.

"Kata hapo," Tusajigwe aliamuru.

Tabibu-chuma alikunja mikono yote minane. "Siruhusiwi kumkata mtu asiye na ugonjwa."

"Baba, mimi sijui kukata."

"Nami siwezi kuingia humo ulimo wewe."

Ambakisye alivuta pumzi fupi, kisha fupi zaidi. Mlango ukafunguliwa.

Mzee aliingia na kisu chake kilichochemshwa, macho chini. Tusajigwe alimshikilia mumewe, mzee akachana kati ya mbavu mbili. Usaha ulijaza bakuli, ukadai la pili. Ambakisye akavuta pumzi iliyofika mwisho, akalala usingizi wa mtu aliye hai.

Hapo mzee aliinua kichwa, macho yao yakagongana. Papo hapo aligeukia ukutani, akajifunika uso kwa kiwiko kwa aibu.

Tusajigwe aliendelea kumtazama kama mtu anavyotazama kiti. Alisubiri aibu imjie. Alisubiri hata furaha, mume amepona. Hakikuja kitu; punje yake ilikuwa imezima hata moyo.

Alipiga magoti nyuma ya mzee, akazisogeza nywele zake mwenyewe nyuma ya sikio, penye punje.

"Baba," alisema, "usigeuke kama huwezi. Ila nipapase hapa, kisha ukate."