Paka Umempa Jina

Jua lilikuwa linazama Fundi Herufi alipobisha mlango wa kituo cha paka waliookotwa, mkononi kapu lenye kifuniko, usoni hasira ya mtu aliyelazimishwa. Mji mzima ulimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake. Aliandika mabango ya maduka, ya zahanati, ya saluni, na vibao vya makaburini. Nyuma yake alisimama binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, aliyemleta kwa gari kama anavyorudisha shuleni mwanafunzi mtoro.

"Huyu hapa," akasema mwenye kituo, mama mnene ambaye watu walimwita Bibi Paka. "Aliokotwa jalalani, amefungwa ndani ya gunia. Mjini hapa hakuna mwoga kama yeye."

Alikuwa paka wa kijivu, mkia mnene, sikio moja limekatika ncha. Alimtazama Fundi mara moja tu, akageukia ukuta.

"Mpe chumba kimoja kwanza," Bibi Paka akaeleza. "Usimfuate, usimkazie macho. Mlango uache wazi kidogo, atatoka mwenyewe akipenda. Na umtandikie nguo yenye harufu ya mtu wa nyumbani. Si yako, lakini."

"Kwa nini si yangu?"

"Mzee wangu, unanuka tapentaini mpaka macho yananiwasha. Paka atatorokea dirishani."

Binti akacheka. Fundi hakucheka.

"Halafu jina. Kila jioni ukimpa chakula, mwite jina lake, hilohilo, mpaka alijue."

"Paka ni paka. Nitasema 'wewe', atakuja."

Bibi Paka akaacha kufunga kapu.

"Usifanye hivyo. 'Wewe' ni mtu yeyote. Ukiita 'wewe' hujui nani ataitika."

Garini, walipokaribia nyumbani, binti akasema, macho barabarani, "Baba, tuelewane. Tangu Mama afariki unakula mkate mkavu na kuongea na kuta. Nataka nione kuna kiumbe hai unayemtunza. Paka akinona, sikusumbui tena. Akifa au akikimbia, unahamia kwangu chumba cha uani, na nyumba tunaifunga."

"Unanipa mtihani?"

"Si ndiyo kazi yangu?"

Chumba cha uani alikijua. Hakikuwa na hata msumari wa kutundikia brashi. Nyumbani kwake alikuwa na karakana yake, makopo yake ya rangi, na mwanga mzuri wa asubuhi unaoingilia dirisha la mbele. Akaapa kimoyomoyo kwamba paka yule atanona, apende asipende.

Akamweka sebuleni. Paka akatoka kapuni kama moshi, akaingia nyuma ya kabati, akabaki macho mawili ya manjano. Fundi akafungua sanduku la marehemu mkewe, ambalo lilikuwa halijaguswa tangu msiba, akatoa shali ya bluu. Bado ilinukia sabuni ya mche na vitunguu. Akaitandika mbele ya kabati. Akaweka samaki kwenye sahani, akaacha mlango wa jikoni wazi kidogo, kama alivyoelekezwa.

"Wewe!" akaita. "Njoo ule."

Paka hakusogea.

Akangoja. Nje watoto walikuwa wakiitwa ndani, mlango baada ya mlango. Kisha mtaa ukatulia.

Chwaa...

Akainua kichwa.

Chwaa... chwaa...

Sauti ilitoka jikoni. Kama kandambili zinazoburuzwa na mtu mwenye mguu mbovu. Akatazama nyuma ya kabati. Macho ya manjano yalikuwa palepale. Na paka, kwa alivyojua Fundi, havai viatu.

Panya, akajiambia. Akaenda kulala.

Asubuhi sahani ilikuwa tupu, akafurahi. Furaha ile haikudumu. Paka alikuwa bado nyuma ya kabati, tumbo limeshikana na mgongo, na miiba ya samaki ilikuwa imepangwa ukingoni mwa sahani, mmoja kando ya mwenzake, mikubwa kwa midogo.

Fundi alimfahamu mtu mmoja tu aliyekuwa akipanga miiba namna ile. Alizoea kumkejeli mkewe: "Hizo ni sindano, unataka kushonea?"

Hapa yafaa kusema jambo ambalo mtaa wote ulilijua na hakuna aliyeliona kuwa jambo. Katika ndoa yao yote, Fundi Herufi hakuwahi kumwita mkewe kwa jina. "Wewe, chai." "Wewe, taa inafuka moshi." Naye mke aliitika "Abee," akaja akiburuza mguu. Majirani walimwita Mama Mwalimu, kwa kazi ya bintiye. Alipofariki, Fundi alimwandikia kibao kwa mkono wake mwenyewe, herufi za rangi ya dhahabu zenye kivuli cheusi, kazi iliyowafanya wachimba kaburi wasimame watazame: MKE MPENDWA. Binti aliuliza mbele ya waombolezaji, "Baba, jina liko wapi?" Akajibu, "Nafasi haikutosha." Nafasi ilitosha. Chini ya maneno yale kulibaki ubao mtupu wa kutosha majina ya ukoo mzima.

Jioni iliyofuata akaweka samaki tena. Alikuwa mtu wa kichwa kigumu, na kichwa kigumu kikishaingiwa na woga huwa kigumu zaidi.

"Wewe!"

Kimya.

"Wewe, nimesema njoo ule!"

"...Abee."

Sauti ilikuwa ya chini. Ilitoka kwenye upenyo wa mlango wa jikoni, mahali ambapo giza lilikuwa limeanza kujikusanya. Manyoya ya paka yalisimama yote. Harufu ya sabuni ikaingia sebuleni, mbichi, yenye maji, kama ya mikono iliyotoka kufua sasa hivi.

Fundi aliingia chumbani mwake akasukuma kitanda kwenye mlango. Taa hakuizima.

Kulipokucha aliona paka amezidi kukonda. Mbavu zilihesabika. Akakumbuka chumba cha uani, akakumbuka na maneno ya Bibi Paka. Basi akamtazama yule mnyama, si kwa kumkazia macho, bali kwa pembeni, na kwa mara ya kwanza akafikiri ni nani. Mkia ule mnene, ulionyooka na kuishia ncha moja... Brashi. Jina lake lilikuwa Brashi.

Akashinda karakanani na sahani ya bati. Akaiandika ubavuni BRASHI, herufi nyekundu zenye mstari mweupe, mkono haukutikisika hata mara moja. Ilikuwa kazi nzuri kuliko nyingi alizolipwa. Jioni, ilipokauka, akachuchumaa mbele ya kabati.

"Brashi," akaita taratibu. "Brashi... Brashi, baba. Njoo."

Ikatokea pua. Likatokea sikio lililokatika. Paka akanyata juu ya shali, akafika, akala. Alipomaliza akajisugua kwenye mguu wa Fundi, tapentaini na yote, akaanza kukoroma kifuani kama cherehani ya mbali. Fundi akacheka peke yake. Alikuwa hajacheka tangu msiba.

Chwaa.

Kicheko kikamkauka mdomoni.

Chwaa... chwaa...

Kandambili zilisimama nyuma yake. Karibu. Hakugeuka. Shingo ilikataa.

"Paka umempa jina."

Sauti haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira ingekuwa nafuu.

"Unataka nini?" akanong'ona.

"Niite."

Akafungua kinywa. Akalitafuta lile jina kama mtu anavyotafuta kwa mguu ngazi ya mwisho gizani, na ngazi haipo. Yeye, mtu wa herufi, hakuipata hata herufi ya kwanza. Alikuta pengo lenye umbo la mwanamke anayebeba chai.

"Ni... ni wewe," akasema mwishowe.

Kandambili zikarudi jikoni polepole, kama za mtu aliyetumwa akakuta duka limefungwa. Na Brashi, aliyekuwa anakoroma miguuni pake, akainuka, akazifuata, mkia juu.

Asubuhi Fundi akatoka kwenda kwa muuza mkaa wa kona ya mtaa, aliyemuuzia marehemu mkaa miaka mingi.

"Jirani, mke wangu aliitwa nani?"

"Mama Mwalimu! Nani asiyemjua? Alikuwa akichagua mkaa kipande kimoja kimoja kama anachagua mchele."

"Jina lake, nasema."

Muuza mkaa akajikuna kichwa kwa mkono mweusi. "Jina lake... Kwani mzee, kati yetu sisi wawili, mume alikuwa nani?" Akaangua kicheko mpaka wateja wakageuka.

Fundi akaenda makaburini. Njiani alipita chini ya mabango yake mwenyewe, kila moja na jina la mwenye duka limekaa vizuri mahali pake. Akasimama mbele ya kibao cha mkewe. Herufi zilikuwa bado zinang'aa. Akapapasa ubao mtupu uliokuwa chini yake, akarudi nyumbani. Vyeti vyote alivitunza marehemu, na pale alipovitunza, Fundi hakuwahi kupauliza. Alipekua sanduku, alipekua mito, alipekua chini ya godoro. Wakati wote huo Brashi alikaa jikoni akitazama juu, kama anamtazama mtu mrefu kuliko Fundi.

Kuanzia hapo paka akanona. Fundi aliacha kumwekea chakula na paka akazidi kunona. Kila asubuhi sahani ya bati ilikuwa imeoshwa, imefunikwa, na mahali palipoandikwa BRASHI palikuwa pamesuguliwa kidogo, kila siku kidogo, kama kwa kucha.

Binti alikuja jioni moja bila kubisha, kama kawaida yake. Akamkuta baba yake amekaa karibu na mlango, mkoba umefungwa, kofia kichwani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwako. Chumba cha uani. Nipeleke."

"Mtihani wenyewe umefaulu! Mtazame huyu, amenona kama mtoto wa tajiri."

Brashi alikuwa amelala juu ya kiti cha marehemu, amefumba macho, anakoroma. Manyoya ya mgongo wake yalilala kuanzia kichwani mpaka mkiani. Yakainuka. Yakalala tena, kuanzia kichwani mpaka mkiani, taratibu, kama chini ya kiganja. Binti aliona paka aliyeshiba. Fundi alitazama sakafu.

"Nisikilize," akanong'ona, akamvuta mkono. "Mama yako aliitwa nani?"

Binti akaanza kucheka, kisha akaona uso wake.

"Unatania."

"Nimesahau."

"Hujasahau, Baba. Anayesahau ni aliyewahi kukumbuka."

"Niambie tu. Nakuomba. Niambie nimwite mara moja, aende zake."

"Nani aende zake?"

Kandambili zilikuwa zimesimama nyuma ya binti, ncha zake zikielekea upande wao, zikisikiliza.

Binti akajitoa mkononi mwake. "Umeandika majina ya mji huu wote. Mwenye bucha ana jina. Mpaka paka wa jalalani ana jina lake kwenye sahani. Mimi nilikuuliza makaburini mbele ya watu, jina la mama yangu liko wapi, nikajibiwa nafasi haikutosha." Akachukua funguo za gari mezani. "Leo na kwangu haitoshi. Kaa na paka wako."

"Mwanangu..."

"Kumbe na mimi huniiti jina," akasema, akafuta macho kwa kiganja, akatoka.

Gari likawaka, likakata kona. Mwanga wa dirishani ukageuka kijivu, na kijivu kikaanza kuwa cheusi. Fundi alishika kitasa cha mlango. Kilikuwa na maji, na povu la sabuni. Hakikuzunguka.

Akarudi akaketi, akakitazama kile kiti cha marehemu. Hakuwa na la kufanya ila kazi aliyoijua. Akaanza kutaja kwa sauti majina ya kike aliyowahi kuandika, huenda la mkewe likawemo. Alianza na la mwenye saluni.

Chwaa.

Hatua moja. Brashi akafumbua macho, akatazama mahali fulani kati ya kiti na Fundi.

Akataja la muuza vitambaa.

Chwaa.

Akajaribu kunyamaza. Katika ule ukimya akasikia pumzi ikisubiri, na kusubiri kule kulikuwa kubaya kuliko hatua. Akataja la mkunga wa zahanati. Akataja la mwenye duka la dawa, la mama wa bekari, la yule mjane wa kiwanda cha matofali, haraka haraka, bila kupumua.

Chwaa. Chwaa. Chwaa... chwaa.

Sebule ile ilikuwa ndogo. Na alikuwa hajamaliza hata mabango ya barabara ya kwanza.