Mita Iliyosema Kweli

Mwili wa Yareli Zamudio ulikutwa Jumatatu asubuhi chini ya kona ya Msalaba, kati ya misonobari, koti lake jeupe la uuguzi limelowa umande. Pikipiki yake ilikuwa imejibamiza kwenye mwamba juu kidogo.

Inspekta Nicanor Olvera alimfunika uso kabla hajatazama kingine chochote. Alimfahamu. Hapo mjini Zacatlán nani hakumfahamu? Ndiye aliyewapandishia watu wa milimani chanjo na dawa za sukari, iwe mvua, iwe ukungu.

Breki zilikuwa nzima, tairi pia. Mshale wa mita ya spidi ulikuwa umekwama kwenye tisini. Mtaalamu wa ajali alipozipima alama za tairi kwenye lami, akapata tisini vilevile. Kona ile haiingiliki kwa tisini.

Nyuma ya taa kulikuwa na kisanduku chenye nyaya, kidogo kama kiberiti. Rangi nyekundu iliyoziba skrubu zake ilikuwa imekwanguliwa, kisha ikapakwa upya. Bado ilinata. Kuna mtu aliyekuwa amekifungua, na si zamani.

Majirani walimtaja Baltazar, mchumba wake, mwoka mikate. Walikuwa wamewasikia wakigombana. Olvera alimkuta amekaa juu ya gunia la ngano, tanuri limezimwa.

"Mligombania nini?"

"Baba yake, Afande. Nilitaka Yareli amwambie ukweli kabla hatujaoana."

"Ukweli gani?"

Baltazar alieleza polepole. Mzee Fermín, baba yake Yareli, alikuwa fundi pikipiki. Alimfungia binti yake gurudumu kubwa la nyuma kwa ajili ya njia za milimani, na mita ikapoteza usahihi. Ndipo akaweka kile kisanduku cha kuirekebisha. Lakini siku moja Baltazar alimfuata Yareli kwa gari la mikate. Gari lilisoma sabini, mita ya pikipiki ikasoma tisini. Akadhani kisanduku ni kibovu. Yareli alicheka mpaka akashika tumbo.

"Akaniambia, 'Si kibovu, ni Baba huyo. Mama alifia barabarani, sasa ananiogopea. Mwache alale usingizi.' Tangu hapo akawa anapunguza mwenyewe kichwani. Kona ya Msalaba alikuwa akiiingia kwa tisini ya mita, yaani sabini tu. Aliizoea hivyo."

Olvera alipiga hesabu. Mita ilisema tisini, na lami ilisema tisini. Basi asubuhi ile mita haikuwa imedanganya.

"Wewe unaweza kukirekebisha kile kisanduku?"

"Mimi nakanda unga, Afande."

Nyumbani kwa Mzee Fermín majirani walikuwa wameshapanga viti vya msiba na kubandika kahawa yenye mdalasini. Mzee alikuwa kwenye karakana yake, peke yake, amesimama. Olvera alimpa pole, kisha akafunga mlango.

"Mzee, nani alifungua kisanduku?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jana, alipokwenda kanisani."

"Ulikifanya nini?"

"Nilikiweka sawa. Kilikuwa kikidanganya, na mimi ndiye niliyekifundisha. Nilikizidisha makusudi ili aende taratibu. Lakini anaolewa. Nikasema, asitoke nyumbani kwangu na uongo wangu. Nikaona haya kumwambia. Nikakinyoosha tu, nikaziba."

Olvera alifunga daftari lake.

"Sasa niambie wewe, Inspekta," mzee alisema. "Mita ilikuwa sahihi. Mwanangu hakuwa mtu wa mbio. Kwa nini aliingia pale kwa tisini?"

Olvera alikuwa amewahoji wauaji bila kuinamisha macho. Safari hii aliyainamisha. Aliwaza kumdanganya, kisha akaona nyumba ile imeshatosheka na uongo wa huruma.

"Alijua, Mzee."

"Alijua nini?"

"Kwamba mita inazidisha. Alijua siku nyingi. Alikuwa anapunguza kichwani. Leo alidhani yuko kwenye sabini."

Mzee Fermín alilishika benchi la kazi.

"Mbona hakuniambia?"

"Alitaka ulale usingizi."

Mzee hakulia. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama anayengoja pingu. Olvera akamwambia kwamba hapakuwa na kosa la kumshtaki. Mikono haikushuka. Mwishowe inspekta akaishika, wakakaa hivyo kwenye benchi.

Mlango ulibishwa. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, ikiuliza wamvalishe marehemu gauni gani.

Mzee aliinua uso kuelekea mlangoni.

"Lile la harusi," alisema.