Mwandishi Hajikagui

Jumamosi tarehe 16 Septemba 2006, saa tano na dakika ishirini asubuhi, fundi cherehani Amne alimpelekea jirani yake Semboja suruali aliyokuwa ameipunguza kiunoni. Ilikuwa mtaa wa Manundu, Korogwe. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Semboja alikuwa chini, kichwa kimepasuliwa kwa stabilaiza ya umeme, na juu yake alikuwa ameinama Mmasai mwenye damu kwenye shuka na daftari mkononi.

Amne alipiga yowe, mtaa ukajaa. Ilipofika saa sita kasoro, yule Mmasai, Lomayani wa Kwaluguru, alikuwa mahabusu, jicho moja limeshafumba kwa kipigo cha watu waliojipa kazi ya hakimu.

Inspekta Hilaria hakupenda kesi zinazojimaliza zenyewe. Alikuwa mama wa miaka hamsini, mkavu wa maneno, na alipochuchumaa kando ya maiti alikaa muda mrefu kiasi cha kumkera Koplo Sadala.

"Pembeni damu imeshakauka, inabanduka," alisema. "Katikati tu ndiyo mbichi."

"Joto hili, afande."

"Joto gani hilo, Sadala? Huyu Mmasai ameonekana akiingia hapa saa tano na dakika kumi."

Sadala aliandika, ila hakuonekana kujali. Alilitia daftari kwenye mfuko wa vielelezo bila kulifungua. Lilikuwa daftari la shule, jalada limejikunja, na marehemu alikuwa amewahi kufundisha hisabati.

Amne alihojiwa akiwa bado na ile suruali mapajani.

"Asubuhi ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu, mama. Umeme ulikatika saa kumi na mbili, hii migao yao. Ukarudi saa nne na nusu na kitu. Najua kwa sababu redio sikuizima jana, ikaanza kuimba yenyewe, nikashtuka."

"Semboja alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Na Simeo mwenye nyumba. Dishi la intaneti limemtobolea bati, mvua inaingia. Alisema atamtoa mtu roho."

Simeo alitafutwa. Alikutwa wodini, amekaa na mke wake aliyejifungua alfajiri, na wauguzi wawili walisema hakutoka pale tangu Ijumaa jioni. Hilaria akampa hongera na kuondoka.

Saa kumi alasiri Dennis, mbia wa Semboja, alirudi kutoka Mkumbara, shati jeupe, macho mekundu. Chumba cha mbele, chenye kompyuta nne za kukodisha kwa saa, kilikuwa chake na Semboja.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Niambie mwenzako alikuwa akifanya nini humu."

Dennis alieleza vizuri. Zipo lugha za kuandikia programu ambazo hazina mwenyewe. Watu wa nchi mbalimbali wanazitunza kwa kujitolea, huyu anaziba hapa, yule anarekebisha pale. Semboja alikabidhiwa upande wa maandishi, ili programu zisome na kupanga maneno ya kila lugha, siyo Kiingereza peke yake. Miaka mitatu alikuwa akihangaikia herufi za Kimasai, ambazo kompyuta ilizigeuza visanduku vitupu.

"Na kila rekebisho lina majina mawili," alisema Dennis. "Aliyeandika na aliyekagua. Mwandishi hajikagui. Sheria hiyo Semboja hakuivunja hata siku moja."

"Wewe naye ulikuwa unaandika?"

"Ndiyo. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kusoma nje. Naondoka Jumapili ijayo. Leo nyumbani walikuwa wananiaga. Nilipanda basi saa moja na nusu, saa tatu nikawa Mkumbara. Saa nne na nusu nilikuwa nimepiga magoti wazee wananiombea. Watu sitini walikuwepo."

Kisha akamwonyesha barua ya mwisho ya Semboja, iliyotoka katika kompyuta ya chumba cha nyuma kwenda kwa wenzao wa ng'ambo, saa nne na dakika arobaini. Hilaria akataka ichapwe na asomewe kwa Kiswahili. Ilikuwa fupi: rekebisho la herufi za Kimasai limekamilika, mwandishi Dennis, mkaguzi Naserian, mpelekaji Semboja.

"Kwa hiyo saa nne na dakika arobaini alikuwa hai."

"Alikuwa hai, afande."

"Na huyu Naserian?"

"Dada wa huyo muuaji. Ni wa kutuhakikishia maneno tu, kama yamesomeka au hayajasomeka."

Jioni Hilaria aliingia mahabusu na kikombe cha chai. Lomayani alikipokea kwa mikono miwili lakini hakunywa.

"Ulifuata nini kwa Semboja?"

"Daftari."

"La nani?"

Lomayani alikiweka kikombe sakafuni.

"Naserian ni nani katika mambo haya?"

Jicho moja lililokuwa zima liliinuka. "Huyo hayumo."

"Jina lake limeandikwa kwenye barua."

"Mama, niandike mimi. Nimeshakaa hapa, niandike mimi tu."

Hilaria alitoka na hasira ambayo hakujua aielekeze wapi. Jumatatu saa tano asubuhi gari lingempeleka huyu mtu Tanga kwa shitaka la mauaji, na shitaka hilo mwisho wake ni kamba. Mtu anayekubali kunyongwa ili jina la dada yake lisitajwe, ama ana wazimu, ama anajua kitu. Wazimu hakuuona.

Jumapili saa nne alikuwa Kwaluguru, amepita Handeni mjini kwa vumbi la kutosha kuziba masikio. Naserian alimpokea mlangoni, mtoto mgongoni. Mume wake alikuwa ameenda mnadani. Aliposikia kaka yake yuko mahabusu kwa kifo cha Semboja, alikaa chini pale pale kwenye mchanga.

"Mwalimu amekufa?"

"Amekufa, mwanangu. Pole."

Alilia, kisha akauliza swali moja ambalo Hilaria hakulitegemea.

"Lile daftari alilolifuata kaka, mmelifungua?"

"Hapana."

"Ni langu. Lile rekebisho nimeliandika mimi."

Hilaria alimtazama, akatazama nyumba ya udongo isiyo na waya wala nguzo. Naserian akaelewa.

"Kwa kalamu," alisema. "Nilikuwa chuo cha ualimu Korogwe, mwalimu Semboja akatufundisha jioni. Nilipoolewa niliacha chuo, lakini kichwa hakikuacha. Naandika programu kwenye daftari, Lomayani anapopeleka ng'ombe analipeleka. Mwalimu anaingiza kwenye kompyuta, anajaribu, anaandika makosa yangu kwa kalamu nyekundu, daftari linarudi. Mume wangu hajui. Alishasema akiniona na makaratasi ya Korogwe tena, nirudi kwetu na mtoto nimwache."

"Dennis anajua?"

"Dennis alimwona mwalimu akiandika kwenye kompyuta. Atajuaje?"

Hilaria akampa ile karatasi. Naserian aliisoma mara mbili.

"Hii hakuandika mwalimu. Siwezi kuwa mkaguzi wa kazi yangu mwenyewe. Nilimkagulia maneno ya zamani, ndiyo, jina langu likawekwa hapo. Lakini hili la sasa nimeliandika mimi. Mwalimu asingeweza kukosea hapo."

"Lakini ilitoka saa nne na dakika arobaini."

"Umeme ulikuwepo asubuhi?"

Hilaria alikumbuka redio ya Amne. "Ulirudi saa nne na nusu na kitu."

"Basi iliandikwa kabla. Kompyuta ile ina betri ndogo ya nusu saa, dishi halina. Ukiandika barua umeme haupo, inangoja. Umeme ukirudi kompyuta inawaka yenyewe, inaipeleka na kuipiga saa ya kuondoka. Mwalimu aliipanga hivyo kwa ajili ya migao."

Hilaria alikunja karatasi. "Nahitaji uyaseme haya mbele ya mtu. Kesho, kabla ya saa tano."

Naserian alimpakata mtoto mapajani, akaanza kumfuta vumbi miguuni, kidole kwa kidole. Hilaria hakuwa na moyo wa kumsukuma.

Jumatatu saa tatu asubuhi Dennis aliitwa kituoni. Aliamkia, akakaa. Juu ya meza kulikuwa na daftari, limefunguliwa.

"Hili ulilikuta wapi Jumamosi alfajiri?" Hilaria aliuliza.

"Sijawahi kuliona."

"Lilikuwa mezani kwa Semboja, uliliacha kwa sababu ulidhani ni hesabu za wanafunzi. Hata sisi tulidhani hivyo, usijilaumu. Soma hapo penye wino mwekundu."

Dennis alisoma kimoyomoyo. Hilaria akamsomea kwa sauti. "Tarehe kumi na tano Septemba. Naserian, nimejaribu, inafanya kazi. Sasa nitafute wa kuikagua, maana wewe ndiye mwandishi." Akaweka kidole kwenye tarehe. "Ijumaa anaandika hivyo. Jumamosi anapeleka barua kwamba mwandishi ni wewe na huyu ndiye mkaguzi. Wewe mwenyewe uliniambia sheria hiyo hakuivunja hata siku moja."

"Alibadili mawazo. Saa nne na dakika arobaini mimi nilikuwa—"

"Umepiga magoti, najua. Barua iliandikwa saa kumi na mbili na kitu, umeme haupo, Semboja yuko chini. Ukaiacha ingoje. Damu yake ilikuwa imekauka pembeni tulipofika, Dennis. Damu ya mtu aliyekufa saa tano na dakika kumi haikauki hivyo kabla ya saa sita. Na aliyeandika jina la Naserian kama mkaguzi ni mtu ambaye hakuwahi kufikiri kwamba mwanamke wa Kwaluguru anaweza kuwa mwandishi."

Mlango ulifunguliwa. Naserian aliingia, mkono mtupu, mgongo mtupu. Sadala alimsogezea kiti lakini alibaki amesimama.

"Nimemwambia mume wangu jana jioni," alimwambia Hilaria. "Mtoto amebaki naye. Niandikeni, nimesema mimi."

Dennis alimwangalia kwa muda mrefu, kisha daftari, kisha tena yeye. Alipozungumza hakuwa akimjibu inspekta.

"Wale wa masomo walimwandikia Semboja athibitishe kwamba kazi ni yangu. Nilikuwa nimeshawaambia ni yangu. Viza imeshagongwa. Nyumbani wameshachinja. Nikaenda alfajiri kumwomba. Nikamwambia, una kazi nyingi, wewe ni kaka yangu, nipe hii moja tu. Akasema, ingekuwa yangu ningekupa. Akarudia, Dennis, si yangu. Nikaona ananinyima kwa maneno ya kiungwana. Akageuka kuandika barua ya kuwakatalia, na mimi..."

Aliangalia mikono yake. Sadala alikuwa ameacha kuandika, Hilaria akagonga meza ili aendelee.

"Ungeniomba mimi," alisema Naserian.

Dennis hakuinua uso.

"Ningekupa. Nilimsihi mwalimu asiweke jina langu, weka la yeyote, jina langu litaniletea shida. Akasema haiwezekani." Machozi yalimtoka bila sauti kubadilika. "Ungekuja Kwaluguru ukaniuliza, ungeondoka nalo siku hiyo hiyo, na asante ningekupa."

Saa tano gari la Tanga liliondoka na Dennis. Lomayani alitolewa, akasimama uani kando ya dada yake, jicho bado limefumba, akamuuliza kwa Kimasai mtoto yuko wapi. Hilaria hakujua Kimasai, ila alimwona Naserian akitikisa kichwa, na kaka mtu akikaa chini kwenye ngazi za kituo.