Chupa ya Sifuri

Harufu ilianza asubuhi, ndani ya duka ambamo hakuna mtu aliyewahi kuwasha sigara. Ilikuwa harufu ya sigara kavu, ya bei ya chini, isiyo na kichungi, kama vile mtu ameizima sasa hivi nyuma ya kaunta. Mwenye duka akafungua madirisha, akapiga deki, akanyunyiza manukato. Harufu ikabaki palepale, imejikalia.

Duka lile liliuza sigara za umeme, zile watu wanazoziita vepu, na wateja walimwita mwenyewe Daktari. Jina hilo alilipenda mno. Mtu akija kutaka kuacha sigara, Daktari humkalisha na kumhoji: unavuta ngapi kwa siku, na ile ya kwanza unaiwasha kabla ya kunawa uso au baada? Mvutaji sugu alipewa kifaa chembamba, chenye mvuto mzito kama wa sigara yenyewe, na maji yenye nikotini ya miligramu ishirini. Yale madude makubwa ya kutoa mawingu aliwaachia vijana wa mbwembwe. Kisha alimshusha mteja taratibu: kumi na mbili, sita, tatu, mpaka sifuri.

Ushauri mzuri, nani atabisha. Ila msianze kumpenda. Nyuma ya pazia kulikuwa na dumu moja tu, la nikotini ya ishirini, na chupa zote zilijazwa kutoka humohumo. Kilichoshuka ni namba iliyobandikwa ubavuni. Mteja aliyefika sifuri ya kweli harudi tena, na Daktari alitaka warudi.

Miongoni mwao alikuwa fundi saa mmoja, mzee mpole, mwenye kikohozi chake mwenyewe: anakohoa mara tatu, fupifupi, halafu anasafisha koo. Alishuka ngazi zote kwa nidhamu. Alipopewa chupa ya mwisho aliishika kwa mikono miwili.

"Hii kweli ni sifuri, Daktari?"

"Sifuri tupu, mzee wangu. Umeshinda."

Chupa ilipoisha, fundi saa akakitupa kifaa jalalani, akacheka na mkewe. Kesho yake mikono ikaanza kumtetemeka, skrubu za saa zikamshinda kushika. Nikotini si alishaimaliza? Basi akaamini kwamba tatizo ni yeye, hana uanaume. Akarudia sigara kwa kujificha chooni, mtu mzima na mvi zake, mpaka kifua kikamuua.

Mjane wake alikuja dukani. "Alikosea wapi, mwanangu? Amekufa akiniomba msamaha."

Daktari akamjibu huku anapangusa kioo cha kabati, "Pole, mama. Wengine hawana moyo wa kuacha."

Asubuhi iliyofuata ndipo harufu ilipoingia.

Haikukaa peke yake. Mchana kweupe, duka likiwa tupu, Daktari alisikia nyuma ya pazia mtu anakohoa mara tatu, fupifupi, kisha anasafisha koo. Akafunua pazia, akakuta dumu tu. Alipogeuka akaona vifaa kwenye kabati lililofungwa kwa ufunguo vinawaka taa kimoja baada ya kingine, vinavutwa na mdomo asiouona, na mvuke unatoka polepole ndani ya kioo, unatanda, unakuwa wa kijivu kama moshi wa kweli, huku ile harufu ikimpanda puani, ikimshuka kooni, ikimkaba, naye anapapasa mlango kwa mikono inayotetemeka hata ufunguo ukamshinda kushika.

Akalifunga duka, akakimbilia nyumbani. Mkewe alimpokea mlangoni na binti yao begani, mtoto ambaye maneno yake yote yalikuwa mama, baba na maji.

"Unanuka sigara," mke alinong'ona. "Na mtoto tangu asubuhi ana kikohozi. Msikilize."

Mtoto akakohoa mara tatu, fupifupi. Kisha akasafisha koo, kizee kabisa. Duka lingeungua Daktari angevumilia, lakini huyu ndiye pumzi yake.

Wakamwita mtabibu wa kupunga majini, mama mfupi mwenye miwani. Alimnusa mtoto utosini, akashusha sauti.

"Huyu aliyemwingia hakutumwa na mtu. Ni jini wa pumzi, hukaa na waliokufa wameonewa. Umemfanyia nani nini?"

"Anataka nini? Nitampa chochote."

"Hataki kitu chako. Anataka ile aibu aliyokufa nayo mwenziwe uibebe wewe. Nenda kwa mjane, mwambie yote kwa mdomo wako. Na usipunguze."

Akaenda. Mjane alimwekea kiti kando ya meza ya marehemu, saa zikiwa bado zimefunguliwa matumbo. Daktari akaiangalia mikono yake. Akafikiria duka, wateja, lile jina.

"Mama, nadhani chupa ya mwisho ilichanganywa vibaya. Kiwandani huko. Hata mimi sikujua."

Mjane alilia, kisha akapangusa macho. "Kumbe hakuwa dhaifu. Kama ni bahati mbaya, nimekusamehe, mwanangu."

Daktari alirudi mwepesi. Nyumba ilinukia sabuni. Mtoto alikuwa amelala kifuani kwa mama yake, anapumua vizuri, hana kikohozi.

"Umemwambia yote?" mke aliuliza.

"Yote. Imekwisha."

Akampakata binti yake, akambusu shavuni, akacheka kwa mara ya kwanza tangu harufu ianze. Mtoto akafumbua macho. Akamtazama baba yake muda mrefu, akakohoa mara tatu, akasafisha koo. Uzi mwembamba wa moshi ukamtoka puani.

"Hii kweli ni sifuri, Daktari?" akauliza.