Magunia Mabichi na Feni ya Pikapu

Kwetu, mwanamume ana ngamia na mwanamke ana soko. Alfajiri wanaume hukamua. Sisi wanawake hupokea maziwa, huyatia kwenye madumu yaliyofukizwa moshi wa kuni, na huyapeleka mjini Burao kabla jua halijakasirika.

Ninayepanda gari na maziwa ni mimi, Kaltun. Anayeendesha ni Liban, mume wa binti yangu Sagal. Liban ana adabu nyingi. Desturi yetu ni kwamba mkwe hamkodolei macho mama mkwe wake, wala habishani naye. Naipenda sana desturi hii. Nasema mimi, ananyamaza yeye, na safari inakuwa fupi.

Pikapu ya Liban ni kuukuu. Mlango wa upande wangu hufungwa kwa kamba. Lakini nyumba kumi na moja zinaitegemea. Hatuna gari jingine la maziwa. Ikifa hiyo, maziwa yetu yatanywewa na mchanga.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Maziwa yalianza kuchacha njiani. Basi nikapata akili. Nilichukua madumu manne, nikayafunga kwenye vyuma vya mbele ya gari. Nikayavika magunia mabichi, yaliyoloweshwa maji ya kisima. Upepo ukiyapiga, maziwa yanapoa! Niliwaambia wanawake wote kwamba akili hiyo ni yangu. Waliokuwa wamelala niliwaamsha nikawaambia tena.

Liban alisema mara moja tu, huku akitazama gurudumu, "Mama, labda nyuma pangefaa zaidi."

"Kwani wewe unapenda maziwa ya moto?" nilimwuliza.

Akanyamaza.

Siku moja, mwezi wa pili wa magunia yangu, tulifika kwenye soko la mifugo, nje kidogo ya mji. Barabarani tulikuwa tumekwenda vizuri. Hapo sokoni mbuzi walijaa njia nzima. Tukaenda mwendo wa kobe. Nikaona Liban anatazama mshale wa joto. Ulikuwa unapanda.

"Kuna nini?" nikamwuliza.

"Injini inachemka, mama."

"Ni uendeshaji wako! Unalikanyaga gari kama unaua nge."

Liban alifungua madirisha. Akawasha kipasha joto cha ndani ya gari, mpaka mwisho. Hewa ya moto ikanipiga usoni.

"Unataka kunichoma?"

"Nisamehe, mama. Kinaiondolea injini joto."

Mshale ulitulia kidogo, kisha ukapanda tena. Liban akaegesha gari kando na kuzima injini. Mvuke ulitoka chini ya boneti. Nilitazama jua. Maziwa yalipaswa kuwa kwenye soko la mjini kabla ya adhuhuri. Na kama injini imekufa, kesho tungepakia wapi?

Pale palikuwa na kibanda cha chai. Kibanda cha chai kina wanaume, na wanaume wana majibu. Walikuja wanne na vikombe vyao.

"Injini imekwisha," alisema wa kwanza. "Uza vyuma."

"Ni pampu ya maji," alisema wa pili.

"Ni jicho la mtu," alisema wa tatu.

Wa nne alikuwa Duale, aitwaye Shingo, maana shingo yake hufika kila mahali kabla yake. Alishika kitambaa, akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini. "Inataka maji tu. Leteni maji baridi!"

"Toa mkono wako hapo!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya barabara. Akaja mwanamke wa makamo, shungi lake limefungwa nyuma, mikononi ana grisi. Huyu ni Idil, fundi umeme wa magari. Mumewe alipofariki alimwachia meza na koleo. Watu walidhani atauza meza.

"Duale," alisema Idil, "ukifungua kifuniko hicho sasa, maji yanayochemka yatakurukia usoni. Na huo uso ndio tumeshauzoea. Tutapata wapi mwingine?"

Duale akarudisha mkono.

"Na maji baridi kwenye injini ya moto hupasua chuma," aliendelea. "Tungoje ipoe. Shangazi, teremsha maziwa, uyaweke kivulini."

Tulingoja karibu nusu saa. Sikuwahi kunyamaza muda mrefu hivyo, isipokuwa kwa daktari wa meno. Injini ilipopoa, Idil alifungua kifuniko polepole. Maji yalikuwa yamepungua kidogo tu. Akaongeza. Akatazama chini, hapakuwa na mvujo. Akavuta mkanda wa pampu, ulikuwa imara.

"Ilichemka wapi?" alimwuliza Liban.

"Hapa, kwenye mbuzi. Barabarani ilikuwa sawa."

Idil akatabasamu. "Basi umeshanipa nusu ya jibu. Gari likikimbia, upepo hupoza rejeta. Likienda polepole, upepo hakuna, kazi ni ya feni. Gari linalochemka foleni tu, iulize feni kwanza."

Alitoa waya mmoja wa betri. "Feni ya umeme inaweza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa," alisema. "Ina visu, haina macho." Ndipo akaizungusha kwa kidole. Ilizunguka laini, haikukwama popote. Akarudisha waya wa betri.

"Sasa fyuzi." Alichomoa fyuzi ya feni, akaiinua juani. Kijiwaya chake kilikuwa kizima. Akairudisha, akaipima kwa taa yake ndogo ya kupimia, na taa ikawaka.

"Kwenye rejeta kuna swichi ya joto," alisema. "Maji yakipata moto, swichi hii huamuru feni izunguke. Mimi nitaiamuru badala yake." Akawasha swichi ya gari, akaunganisha nyaya mbili za swichi ile kwa kipande cha waya. Tukasikia *tak*. Feni haikutikisika.

"Hiyo tak ni rilei, kile kisanduku kidogo kinachofungua njia ya umeme. Lakini kulia si kufanya kazi. Waulizeni wanaume wa chai." Akachomoa rilei ya honi, iliyofanana nayo kabisa, akazibadilisha. Feni ikabaki kimya. Akabonyeza honi. Ikalia mpaka mbuzi wakaruka.

"Honi inalia kwa rilei ya feni. Basi rilei nzima."

"Mwachie Liban honi yake," nilisema. "Dereva wa Burao heri akose breki."

Idil akavuta nyaya mbili ndefu, akazipeleka kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye feni. *Vuuum!* Feni ikazunguka, vumbi likamjaa Duale kwenye chai.

"Feni yenyewe nzima!" Liban alisema.

"Nzima. Sasa tumebakiwa na njia. Umeme ni kama mbuzi wako: unakwenda malishoni, lazima urudi zizini. Waya mmoja unauleta. Waya wa athi unaurudisha kwenye bodi, yaani chuma cha gari. Njia ya kurudi ikikatika, hata kwenda hauendi."

Alibana taa yake kwenye kichwa chanya cha betri. Akagusa ncha yake kwenye bodi, ikawaka. Akagusa waya wa athi wa feni. Giza. Akaufuata waya kwa vidole mpaka chini ya rejeta, kwenye boliti. Akauvuta kidogo tu. Ulikatika mkononi mwake. Ulikuwa kijani na unga mtupu.

Mimi nimekula chumvi nyingi, nimeona wakunga na waganga wa mifupa. Sijaona mikono inayojua kuuliza kama ile. Hakubahatisha hata mara moja. Hakununua kitu asichokijua. Kila jibu lilimpeleka kwenye swali lingine.

"Umekufa ghafla?" Liban aliuliza.

"Leo ulikata roho. Kuugua ulianza zamani, uzi mmoja mmoja." Idil akalamba kidole. "Chumvi. Maji ya kisima." Akayageukia magunia yangu, niliyoyaacha kwenye vyuma vya mbele, yanayodondosha maji, tone, tone, juu ya boliti ile ile. "Na tena yanaziba upepo wa rejeta. Nani aliyefunga haya hapa?"

Nikajifanya nahesabu mbuzi.

Liban akatazama viatu vyake. "Ni mimi," alisema. "Gari ni langu. Kosa ni langu."

"Una akili ya ngamia aliyelewa!" Idil alimwambia, na wanaume wa chai wakacheka. Duale alicheka kuliko wote.

Ningeweza kukaa kimya. Desturi ilinilinda. Lakini nilikumbuka nilivyomtukana njia nzima, naye ananipepea kwa joto ili kuokoa maziwa yetu.

"Ngamia aliyelewa ni mimi," nikasema. "Yeye alinikanya mara moja, kwa adabu. Nikamkejeli."

Idil alicheka mpaka akakaa kwenye dumu. Kisha akakata waya ulioliwa, akaunga mpya wenye kichwa cha shaba. Akapakwangua mahali pake rangi na kutu mpaka chuma kikang'aa, akaifunga boliti kwa nguvu, akapaka grisi juu. Akaiamuru feni. *Vuuum!*

Tulifika soko la mjini wakati mwadhini anakohoa kujiandaa. Maziwa yalikuwa mazima.

Sasa madumu yote hukaa nyuma, chini ya kitambaa kilicholowa, na turubai juu yake kama kivuli. Magunia mbele ni marufuku. Kila Ijumaa Liban huiamuru feni yeye mwenyewe, hupima athi, nami hushika taa. Kiangazi kizima hatukuchemka tena. Tukifika kwenye mbuzi, mimi husubiri *vuuum*, nikiisikia hulegeza mkono kwenye kamba ya mlango.

Na siku hizi Liban akisema, "Mama, labda…," mimi hunyamaza. Sagal anadhani naumwa. Ameshauliza mara mbili anipeleke hospitali.