Gari Jekundu la Kurudi Nyumbani

Siku ya soko pale Lumbadzi unakanyaga na kukanyagwa. Katikati ya vijana wa kabaza waliogombea mizigo ya kufunga kwenye baiskeli zao, Bora alisimama na beseni kichwani, na ndani ya beseni kichwa cha cherehani kilichotoka kutengenezwa. Sketi yake ya kitenge cha njano alikuwa ameishona mwenyewe, ikamkaa vizuri mpaka wauza nyanya wakamtazama.

"Sasa we kijana, toka mbele yangu!" alifoka kwa Kiswahili, akidhani hapa ugenini haeleweki. "Na hiyo shati ya rangi ya rose, kama vile unaenda kubatizwa."

Kijana akageuka, akacheka. "Dada, mi nilibatizwa zamani, kule Bukavu. Na we wa wapi? Ngoja, usiseme. Uvira. Nasikia harufu ya ndagala, dagaa za ziwa lenu."

"Afadhali ndagala kuliko majivuno. Bantu ba Bukavu, mnalala njaa lakini shati lazima ipigwe pasi."

"Njo vile, ndivyo tulivyo! Leta hiyo mashine nikubebee."

Akajitwika beseni begani. Oili ya cherehani ikachuruzika, ikatambaa juu ya shati mpaka kifuani. Bora alijishika mdomo.

"Eeh, umeniharibia ubatizo," alisema kijana, jina lake Olivier. "Sasa utanishonea ingine."

Akamshonea. Ulikuwa mwaka 2002, vita bado vinaunguruma huko Kivu, lakini vijana hawa wawili walijifunza tena kucheka. Mungu atukuzwe kwa hilo tu, hata kama lingeishia hapo.

Olivier aliuza nguo za mitumba Lilongwe na kulala mtaa wa Area 18, kwenye chumba cha uani. Dzaleka, kambi ya wakimbizi alikoishi Bora na mama yake, alikuja kila Jumamosi, akaimba kwaya Jumapili, akarudi mjini. Siku nyingine walizungumza kwa simu ya dukani kwa Léonidas, Mrundi mmoja aliyekuwa na simu inayoshika mtandao ukipanda juu ya kigoda karibu na mlango. Kwa hiyo mapenzi ya Bora yalisikiwa na kila aliyekuja kununua chumvi.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula. Olivier, mi nimechoka na bwana wa wikendi. Tukioana utalala huko vilevile?"

"Vumilia kidogo, mama. Niko natengeneza kitu."

"Kitu gani?"

"Utaona."

Kitu chenyewe kilikuwa gari. Alilikuta mtaa wa Kauma, mbele ya nyumba ya mtu aliyekuwa anahama: jekundu, milango miwili, limeinama chini kama paka anayenyemelea. Gari la mbio kutoka Japani, lakini la zamani, limekwisha tembea kilomita zaidi ya laki tatu. Rafiki yake Rémy, fundi wa magari, alimwambia amsubiri, waliwashe pamoja asubuhi likiwa baridi. Olivier hakusubiri. Alilikuta tayari linanguruma, limeoshwa, linang'aa, na moyo wake ukaenda; akalinunua.

Vijana, nawaomba. Gari mtu akikuwashia kabla hujafika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, muulize anaficha nini. Huyu alificha radieta iliyotoboka, akaiziba kwa kipande cha sabuni.

"Limetembea kushinda sisi bakimbizi," Rémy alisema alipoliona. "Na limelala chini hivi! Barabara ya Dzaleka italitoa utumbo."

"Nitaenda polepole. Asubuhi naenda kuuza, jioni narudi. Kila siku, Rémy. Usimwambie mtu. Jumamosi njo siku ya kuonyesha."

Jumamosi hiyo wazee wake walikuwa wanakwenda kwa mama yake Bora, kuposa rasmi.

Lakini Alhamisi, Epiphanie wa kwaya alimwona Area 18. Alikuja mbio kwa Bora, kitambaa cha kichwa kimelegea.

"Bora we, Olivier iko na motokari! Nyekundu, ya mbio! Huyo anaenda Joni."

Pale kambini watu walikuwa wanaondoka hivyo, kwenda Joni, Afrika ya Kusini, bila kuaga. Jana mtu yuko kanisani, leo mlango una kufuli. Na Bora alikuwa na jambo lake. Uvira, vita vilipoingia, baba yake aliwapandisha yeye na mama kwenye lori, akasema atawafuata. Lori likanguruma, likaondoka, na baba hakuonekana tena. Tangu siku hiyo, kwa Bora na mama yake, mlio wa gari ulikuwa mlio wa kuachana.

Akapanda kigoda cha Léonidas.

"Olivier, uko na motokari?"

Olivier akashtuka. Akafikiria Jumamosi, akafikiria uso wa Bora atakapoliona. "Motokari? Mi? Hapana, chérie. Ninunue na nini?"

Bora akamrudishia Léonidas simu.

"Mama, usipike Jumamosi," alisema nyumbani. "Hawatakuja."

Mama Antoinette aliendelea kuchambua ndagala. Jumamosi alipika: fufu, ndagala, mbuzi mzima. Aliazima viti. Jua likapita juu, likaanza kushuka, na jirani mmoja akaja kuchukua kiti chake akiangalia chini.

Olivier naye alikuwa kwenye kilima, ng'ambo ya Lumbadzi. Sabuni ilikuwa imeyeyuka. Gari lilifoka mvuke kama sufuria, simu haikushika mtandao, na Mzee Ezechiel, msemaji wa ukoo, alikuwa amebanwa kiti cha nyuma, magoti karibu na masikio.

"Mtoto wangu," alisema, "hii ni motokari ao ni kabati?"

Mkulima mmoja akapita na mkokoteni wa ng'ombe. Olivier alimpigia magoti. Wakafunga kamba. "Zikomo, bambo, zikomo kwambiri," alishukuru njia nzima, akisukuma nyuma kwenye miinuko.

Hivyo ndivyo msafara ulivyoingia Dzaleka: ng'ombe wawili mbele, gari la mbio nyuma, Mzee Ezechiel ndani ameshikilia kofia. Kambi nzima ilitoka kucheka. Bora naye akatoka, futi ya kupimia ikiwa shingoni, macho yamevimba.

"Ulisema hauna motokari."

"Nilitaka we njo uione wa kwanza."

"Nione unavyokimbilia Joni!"

"Joni?" Olivier alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. "Bora, tazama inaelekea wapi. Nimeisukuma toka Lumbadzi, kuja huku. Mtu anayekimbia anasukuma hivi? Nilinunua ya kurudi. Kila jioni nilale kwetu."

Bora aliitazama ile kamba ya ng'ombe. Aliingia ndani.

Kwa desturi, chakula hakifunuliwi mpaka binti aulizwe kama anawajua wageni, ndipo ijulikane kama anakubali. Wazee wakakaa, sufuria zimefunikwa, na mjomba wake akamwita mbele ya wote.

"Bora, bageni haba unabajua?"

Mama Antoinette alishika kifuniko. Olivier alitazama viatu vyake.

"Huyu mwenye shati chafu," Bora alisema polepole, "namujua. Na shati naijua, niliishona mi mwenyewe."

"Asante Yesu!" mama akalia, akafunua, na harufu ya ndagala ikajaa nyumba nzima. Mkulima wa Lumbadzi alikaa kiti cha mbele na kula kuliko wote.

Rémy aliweka radieta nyingine. Gari bado linagonga mawe, bado linakula oili, nami simshauri mtu kununua lingine kama hilo. Msinunue kwa macho. Na msimfiche mnayempenda hata jambo zuri, maana yeye hajui kama ni zuri.

Lakini jioni, linapokata kona ya kambi, mlio wake husikika kutoka mbali. Mama Antoinette huacha anachofanya, na Bora husimamisha cherehani. Wanasikiliza mpaka linazimika mlangoni.

"Amerudi," mama husema. Kila siku husema hivyo, na kila siku hushukuru upya.